Kiti na Kisu

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilishuka kwenye basi Nchelenge, mji wa ziwani mpakani na Kongo, nilikozaliwa. Niliondoka kabla ya uhuru. Safari hii nilikuja kutembea tu, kamera shingoni.

Ufukweni nilimpiga picha mama mmoja akianika samaki, ndipo nikamtambua: mama yangu mdogo. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima, nikamsalimu kwa Kibemba.

"Karibu, patron," akajibu, kama anayemwita tajiri mgeni, kwa Kiswahili, lugha wanayotumia kuwauzia Wakongo samaki. "Unataka samaki gani?"

Nikamwambia, bado kwa Kibemba, kwamba mimi ni mtoto wa dada yake.

"Mutoto ya dada yangu alijua kupasua samaki. Wewe unamupiga foto."

Jirani yake akacheka. "Muache, mama. Huyu ni muzungu mweusi!"

Kwetu mgeni hupewa kiti. Wa nyumbani hukaa mkekani na kushika kazi. Mama mdogo aliingia kibandani mwake, akatoka na kiti mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Akaviweka vyote mbele yangu.

Wasomaji, ningefanya nini? Nilivua kamera, nikakaa mkekani. Kiti akakichukua jirani.

Nilipompasua vibaya samaki wa kwanza, mama mdogo alinigombeza kwa Kibemba.