Mgonjwa Ni Mimi, Kapimwa Mume Wangu

Jamani, leo daktari amempima moyo mume wangu, na mgonjwa ni mimi!

Kifua kinanibana, maumivu yanashuka mpaka mkono wa kushoto. Tukapanda mlima kutoka kwetu Mraru hadi hospitali ya misheni. Mume wangu, Baba Mghoi, alinibebea kikapu cha nguo, endapo nitalazwa. Alifika akihema.

Daktari Mzungu akamwonyesha kitanda.

"Ni mimi," nikasema.

Dresa, msaidizi wake anayetafsiri, akanikatiza: "Mama, mwache mzee aseme."

"Huyu amechoshwa na duka lake tu," mzee akasema. Halafu akajilaza!

Daktari akasema moyo wake mzima, ila asibebe mizigo. Mimi nikapewa aspirini.

Kikapu nimekiteremsha mimi. Mkono umekufa ganzi.

Kesho narudi. Nani kati yenu atanisindikiza, halafu anyamaze?