Dametken na Mwanaanga Aliyemuulizia Mama Yake

Dametken alikuwa nesi katika mji wa Jezkazgan kwa miaka ishirini na sita, na kila chombo cha anga kilipotua nyikani, yeye ndiye aliyetangulia kumshika mkono aliyetolewa ndani.

Machi moja walikwenda kumpokea mwanaanga Nurlibek. Alipaa kwa safari ya miezi sita. Chombo chake kikatoboka, kikavuja, akakwama huko juu mwaka na miezi miwili. Kabla helikopta haijagusa ardhi, mkuu wa msafara, Daktari Gennadi, aliwageukia wote.

"Habari za mama yake, kimya! Ataambiwa mjini, akishapata nguvu."

Mama alikuwa amezikwa tangu Septemba. Kila Jumapili kaka mtu alimdanganya Nurlibek redioni kwamba bi mkubwa amelala.

Wakamtoa chomboni, wakamketisha juu ya majani yaliyobabuka kwa moto wa chombo, wakamfunika blanketi. Shingo haikuweza kubeba kichwa. Dametken akamsalimu kwa lugha ya kwao, naye akafumbua macho.

"Kumbe wewe wa huku kwetu, shangazi!"

"Wa huku huku, mwanangu. Tulia."

"Mama yangu hajambo?"

"Kunywa chai kwanza."

"Shangazi, nimekuuliza."

Gennadi alikuwa mbali kidogo, akizungumza na marubani. Dametken alikuwa na uongo wake tayari, lakini akauacha.

"Ametutoka, mwanangu. Tangu Septemba."

Machozi yalimchuruzika Nurlibek hadi kidevuni, na mkono wa kuyafuta haukuinuka.

"Kule juu hayadondoki," alisema taratibu. "Yananata jichoni."

Dametken akavua kitambaa chake amfute. Nurlibek akageuza uso.

"Mwondoeni huyu mbele yangu."

Gennadi akaja mbio. "Una nini wewe, mwanamke? Watu tumejizuia miezi yote hiyo, wewe dakika tano zimekushinda?"

Dametken alirudi kwenye helikopta na kikombe cha chai iliyopoa, akakaa nacho magotini njia nzima. Hakupelekwa tena nyikani. Alifunga vidonda wodini hadi alipostaafu, na Nurlibek hakumtumia hata salamu.

Wenzake walipomuuliza kama anajuta, alikuwa akijibu, "Angeniuliza leo, ningemwambia tu." Kisha huongeza, "Lakini ule uso, jamani. Alivyougeuza ule uso."