Bingwa wa Nchi Kavu

Mimi ni bingwa wa kurusha mshipi wa kuvulia samaki. Mashindano yetu hufanyika kwenye nyasi: unarusha ndoano iliyofungwa manyoya, mwamuzi anapima imeangukia wapi. Washindani wote tungeenea kwenye bajaji mbili, lakini kombe ni kombe.

Mazoezi nilifanyia uwanja wa mpira wa Miyuji, asubuhi, kabla watu hawajaanza kutimua vumbi. Wachunga mbuzi walisimama kunitazama.

"Kaka, fimbo ndefu hivyo unachunga nini?"

"Hewa."

"Inatii?"

Baada ya chuo sikuona kwa nini shahada lazima iishie kwenye kiti cha ofisi. Nikaanza kuunda fimbo zangu za kuvulia, kwa mianzi na gundi, na kila moja niliijaribu palepale uwanjani. Ya mwisho ilikuwa nyembamba, laini, inarusha mshipi mpaka golini. Baba hakuvutiwa. Alikuwa ameshaongea na rafiki yake wa ofisi moja kule Chamwino: nikikosa mteja, Jumatatu naanza kugonga mihuri.

Mteja akapatikana, dada mmoja anayepeleka watalii kuvua. Tukakutana bwawa la Hombolo.

Mrusho wa kwanza ulikuwa mzuri hadi nikajipenda. Mshipi ulilala juu ya maji, umenyooka. Kisha nikainua fimbo nirushe tena. Maji yakaung'ang'ania mshipi. Fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini, mshipi ukaja ukijivuta kama mlevi, na ndoano ikaninasa mgongoni, kwenye shati la kuazima.

"Hii umeijaribu wapi?" dada akauliza.

"Miyuji."

"Miyuji kuna maji?"

"Siku za mgao."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi msomi, ninayebishana hata na mchungaji wa kanisa akija kula kwa bibi, sikuwahi kujiuliza mshipi ukilowa unakuwaje.

"Mdogo wangu, kwa kuvua nyasi hii haina mpinzani. Wageni wangu siwapi."

"Nipe mpaka Jumapili."

"Ukaijaribu tena uwanjani?"

"Hapahapa. Sirudi mjini."

Nikapanga chumba kwa muuza perege. Nikaiongezea fimbo unene upande wa mpini, nikaipeleka majini, nikairudisha kwenye gundi, nikaipeleka tena. Ilikuwa mbaya kwa macho. Uwanjani isingenipa hata nafasi ya mwisho.

Jumapili dada akaja, akairusha mwenyewe, akainua. Mshipi wote ukang'oka majini kwa mkupuo mmoja. Akarusha tena. Akarusha tena. Nilipoona ananisogeza pembeni apate nafasi, nikajua.

"Anza na nne," akasema, macho yakiwa bado majini.

Nikampigia baba.

"Shikamoo, baba. Mwambie rafiki yako asante, kazi siichukui."

"Marahaba. Nimeshakununulia suruali ya ofisini."

"Suruali naichukua, baba."

Akakata simu. Suruali alinipa.