Mashine Iliyosoma Siku Kama Mwezi

Saa mbili asubuhi mjini Mbarara, Rashidah Marjani anaondoa shuka la maua lililofunika kompyuta, analikung'uta mlangoni, kisha anakaa kusubiri jenereta. Umeme wa mji umekatika tangu jana. Mlinzi anavuta kamba, injini inakohoa, balbu inawaka. Rashidah hagusi kitu bado. Anaitazama balbu mpaka iache kuchezacheza.

"Ukiwasha wakati umeme unarukaruka, unaweza kuiua mashine," ananiambia.

Kazi yake ni kuandika majina ya watoto. Ofisi anayofanyia kazi ni ya shirika dogo la chanjo, na watoto wenyewe wako Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka hapa. Kila mwezi kompyuta inapiga hesabu ya umri wa kila mtoto na kuchapa majina ya waliofikisha miezi tisa, umri wa kuchanjwa surua. Karatasi hiyo inapanda pikapu pamoja na makasha ya barafu, na huko Nakivale mhudumu wa zahanati anawaita watoto mmoja mmoja.

Leo, kabla ya kuchapa, Rashidah anachomoa fomu chache za usajili kutoka kwenye rundo, anasoma tarehe za kuzaliwa na kuhesabu miezi kwa vidole, kama mama wa nyumbani anavyohesabu vijiko vya sukari. Kisha anaangalia kama kompyuta nayo imehesabu hivyo hivyo. Hakuwa akifanya hivi mwanzoni mwa mwaka.

Rashidah ana miaka ishirini na sita. Alikulia katika kambi ya jeshi hapa Mbarara, binti wa dereva wa malori ya jeshi, na jeshini walizungumza Kiswahili, ndiyo maana Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani, tofauti na majirani zake wengi wa mtaa wa Kakoba. Baba yake alipofariki mwaka 1981, familia ilitolewa kwenye nyumba ya kambi, na mama yake, Halimah, akaanza kuuza maandazi na chai karibu na soko. Maandazi hayo ndiyo yaliyomlipia Rashidah masomo ya kupiga taipu Kampala.

"Nilirudi nikijua kupiga taipu bila kutazama vidole," anasema. "Kompyuta nilikuwa sijaiona hata kwa picha."

Shirika lilipomwajiri mwaka 1986 lilimpeleka kwenye mafunzo mafupi. Alijifunza kuwasha, kuzima, kunakili disketi na kuomba msaada. Mshahara, anasema bila kinyongo, unafika mwisho wa mwezi ukiwa umeshazeeka. Bei zinakimbia, nao mshahara unatembea. Lakini anaipenda kazi.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 1988, fundi wa shirika, Buruhan, alikuja kutoka Kampala na bahasha ya disketi mpya. Alisema mfumo mkuu wa kompyuta, yaani ile programu inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote, umepitwa na wakati. Mpya ungeiwezesha mashine kuhifadhi majina mengi zaidi. Ilikuwa kweli, na ofisi ilihitaji hivyo.

Buruhan alishinda kutwa nzima pale. Jioni mfumo mpya ulikuwa ndani, akarudi Kampala.

Matatizo yalianza kesho yake. Kwanza programu ya watoto ilikataa kufunguka. Rashidah alikwenda posta, akangoja laini ya simu, Buruhan akamweleza cha kubadilisha. Ikafunguka. Kisha printa ikaanza kutema alama zisizosomeka. Safari ya pili ya posta, na hilo nalo likaisha.

Tatizo la tatu lilikuwa dogo, au lilionekana dogo. Watoto wengi walikosa tarehe ya kuzaliwa. Majina yao yalikuwepo, lakini mahali pa tarehe palikuwa patupu. Rashidah na Buruhan walikubaliana kwamba huenda disketi ya majina imeingiwa na vumbi. Mkuu wa ofisi, muuguzi aitwaye Molly, akaamua njia ya haraka: majina yasiyo na tarehe yachapwe mwisho wa karatasi, na kule Nakivale mhudumu aangalie kadi zilizo mikononi mwa akina mama.

"Tulidhani tumemaliza," anasema Rashidah. "Yaliyoonekana yote tuliyatibu."

Machi ikapita hivyo, na Aprili.

Siku moja ya chanjo mwezi wa tano, redio ya mawasiliano ikaita kutoka Nakivale. Alikuwa Nasani, mhudumu wa zahanati.

"Rashidah, hapa iko mama moja nakataa kwenda," alisema. "Karatasi nasema mtoto yake bado. Mimi naambia yeye rudi mwezi wa tisa. Yeye nakaa chini mbele ya mlango, na watu yote nangoja."

"Kadi yake inasemaje?"

"Kadi nasema ingine. Lakini Molly alisema kama tarehe iko kwa karatasi, fuata karatasi."

Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke. Nasani akampa kipaza sauti.

Alikuwa Nabintu, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu. Mwanawe, Mugisho, alikuwa amerudishwa nyumbani Machi na tena Aprili.

"Miye siende," alisema. "Huyu mutoto nilimuzala siku kumi na mbili, mwezi ya sita. Leo tuko mwezi ya tano. Mwaka karibu kuisha. Mwezi ya tatu banasema nirudi, nikarudi. Mwezi ya ine banasema nirudi. Sasa banasema mwezi ya tisa. Kule fasi yetu ya Kabazana surua imeshaingia mu manyumba. Hesabu wewe mwenyewe, dada, halafu uniambie nirudi."

Rashidah alimwomba asubiri. Akalitafuta jina la Mugisho kwenye kompyuta. Kwenye kioo ilionekana 12/6/87, sawasawa na alivyosema mama. Lakini pembeni, mahali pa umri, mashine iliandika miezi mitano.

Alirudi redioni. "Nasani, mchanje huyo mtoto. Na leo usifuate karatasi kabisa. Fuata kadi za akina mama."

"Molly nakubali?"

"Nitamwambia mimi. Ova."

Molly hakubisha. Alisimama nyuma ya kiti cha Rashidah, na wanawake hao wawili wakakitazama kioo. Rashidah hakujua kasoro iko wapi, lakini alijua namna ya kuitafuta: alimwandika mtoto wa kubuni. Akampa jina la uongo, akaandika kuwa amezaliwa tarehe moja mwezi wa pili, na kuuliza umri. Mashine ikatoa mwezi mmoja zaidi ya inavyopaswa. Ilimhesabu kuwa amezaliwa tarehe mbili mwezi wa kwanza.

Akaandika mwingine, aliyezaliwa tarehe kumi na tatu. Mashine ikaacha mahali pa tarehe patupu.

"Hapo nikaelewa," anakumbuka. "Ilikuwa inasoma siku kama mwezi, na mwezi kama siku. Mtoto wa tarehe kumi na tatu ilimkataa kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Kumbe ndio wale waliokosa tarehe. Wale wa tarehe moja mpaka kumi na mbili ilikuwa inawapokea vizuri tu, na kuwahesabia miezi ya uongo. Wao hawakuonyesha dalili yoyote."

Alikimbia posta. Kwenye simu, Buruhan alimtaka arudie tarehe za wale watoto wawili wa kubuni. Kisha akamwuliza kama disketi ya mfumo wa zamani bado ipo. Ilikuwepo kabatini. Akamwelekeza kuifungua faili fupi ambayo mashine huisoma kila inapoamka, katika disketi ya zamani na katika mfumo mpya, na kuzilinganisha.

Ya zamani ilikuwa na mstari mmoja uliokosekana katika ile mpya. Mstari huo uliiambia mashine ifuate utaratibu wa Waingereza, siku kwanza halafu mwezi. Mfumo mpya ulipoingia uliweka faili yake mahali pa ile ya zamani, na mashine ikarudia mazoea ya Wamarekani, wanaotanguliza mwezi.

Rashidah aliuandika ule mstari upya, akazima, akawasha. Mtoto wa kubuni akapata umri wake. Mugisho akawa na miezi kumi na moja.

Mashine ilikuwa imepona kabla ya adhuhuri. Kazi iliyobaki haikuwa ya mashine. Rashidah alichapa karatasi za Machi na Aprili upya, akaziweka ubavuni mwa zile zilizokwisha kwenda Nakivale, na kuwapigia alama watoto walioitwa na karatasi moja lakini si na nyingine. Waliocheleweshwa peke yao walizidi arobaini.

Asubuhi iliyofuata alipanda pikapu pamoja na Molly. Walipita mji mdogo wa Rwekubo bila kusimama. Nasani aliwapokea zahanatini, na kwa siku tatu wakatembea nyumba kwa nyumba wakiwa na kasha la barafu, Molly akichoma sindano, Rashidah akiita majina.

Wengi walipatikana wazima. Wachache walikuwa wameshaugua na kupona. Jina moja, la mtoto wa kike aitwaye Peninah, Nasani aliliruka alipokuwa akisoma.

"Kwa huyo hatuendi," alisema. "Alikufa mwezi wa nne. Surua."

Molly alimwambia Rashidah kwamba si lazima. Ofisi ingeandika taarifa, na yeye kama mkuu angeizungumza na wazee wa eneo hilo. Rashidah alisema atakwenda. Nilimwuliza kwa nini.

"Mimi ndiye niliyeichapa ile karatasi," alijibu. "Hata kama sikujua."

Mama wa Peninah, Norah, alikuwa anapukuchua mahindi nje ya nyumba yake Kabazana, upande uleule anakoishi Nabintu. Alikuwa mjamzito. Rashidah aliketi kwenye mkeka na kumweleza, kwa Kiswahili chepesi, kwamba Peninah alipaswa kuchanjwa siku ile ya Machi alipomleta. Kwamba kompyuta ilisoma vibaya siku aliyozaliwa. Kwamba ndiyo sababu wakamrudisha.

Norah aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akaliweka chini.

"Mimi nilifikiri ni mimi," alisema. "Bwana yangu alisema nilichelewa kumpeleka. Mama yake pia alisema hivyo."

"Hukuchelewa. Ulikuja siku yenyewe."

"Utasema hivyo mbele yake?"

Mumewe alikuwa shambani. Walimngoja. Alipofika, Rashidah alirudia maneno yote tangu mwanzo, naye mwanamume akasikiliza akiwa amesimama, jembe begani. Rashidah alipomaliza, mwanamume yule aliliweka jembe ukutani, akaingia ndani na kumletea mkewe maji. Norah akayapokea na kunywa.

Rashidah anasema hajui kama alifanya vema au alitonesha kidonda. Kwa wiki kadhaa baadaye alikuwa akiamka na kwenda ofisini kuangalia tena ule mstari katika faili, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango.

Buruhan alikuja Mbarara Juni, safari hii akakaa juma zima. Sasa ofisi ina utaratibu wake. Miezi huandikwa kwa majina, si kwa tarakimu. Mfumo wowote mpya utawekwa kwanza kwenye mashine ya akiba aliyoileta, na kwa mwezi mzima karatasi za mashine zote mbili zitalinganishwa kabla ya yoyote kwenda Nakivale. Mhudumu akiona kadi na karatasi hazipatani, anafuata kadi, kisha anaita redioni.

Nabintu, kwa maneno ya Nasani, amekuwa askari wa mlango wa zahanati. Siku za chanjo hukaa foleni na akina mama wengine, hata asipokuwa na mtoto wa kuchanja, na kuwasomea kadi wale wasiojua kusoma.

"Banakuja kuniuliza," anasema Nabintu. "Nabaambia, usiende kama hesabu haiko sawa."

Rashidah anataka kufungua darasa Kakoba, katika chumba kimoja cha nyumba ya mama yake, afundishe taipu kwanza na kompyuta baadaye, siku atakapoipata. Anasema atawafundisha wanafunzi kumwandika mtoto wa kubuni kabla ya kuwafundisha kitu kingine chochote.

Lakini lililo karibu zaidi moyoni mwake ni safari ya mwezi wa tano mwakani. Norah alijifungua mvulana Agosti. Mei atafikisha miezi tisa, na Molly amekubali Rashidah apande pikapu siku hiyo ingawa hana kazi yoyote huko. Mwezi uliopita alimpelekea Norah habari hiyo mwenyewe na kumwuliza kama atamleta mtoto.

"Alimpakata mtoto vizuri," anasema Rashidah. "Halafu akasema, 'Nitamleta. Lakini miezi nitahesabu mimi mwenyewe.' Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyotaka."