Kifuniko cha Nne cha Vibeke

Vibeke Toftdal alikuwa mchongaji wa maumbo ya spika za magari ya kifahari, katika mji mdogo wa Jutland, Denmark, ambako karibu kila nyumba ina mtu anayekula kwa kazi ya sauti. Alianza utotoni kwa kuchonga miguu ya viti kwenye karakana ya babake, na hata alipotimiza miaka hamsini na miwili hakuliamini umbo lolote mpaka aliguse amefumba macho.

Spika za kujificha mlangoni kama mwizi hakuzitaka. Kwa gari jipya ambalo kampuni yake ilikuwa ikilitengenezea spika, alibuni kifuniko cha aluminiamu kilichojikunja kama jani, sauti ipite katikati ya mikunjo. Kilipendeza kweli. Lakini hakuna kilichopita bila saini ya Ejgil Rønbjerg, msikilizaji mkuu aliyepima kila spika kwa masikio yake, naye alikuwa ameshakataa vifuniko vitatu.

"Jani lako lina mafua, Vibeke," alimwambia mara ya tatu. "Linapiga mluzi."

"Na wewe una masikio ya popo."

"Ndiyo yanayonilisha."

Cha nne kikikataliwa, wakubwa wangechukua sahani bapa yenye matundu, na miaka miwili ya Vibeke ingeishia kabatini.

Ijumaa alasiri Ejgil aliingia kwenye gari la majaribio, akafunga mlango, akapiga nyimbo zake tatu zilezile za siku zote. Vibeke alisubiri nje, mkate wa mdalasini mkononi. Ejgil alitoka, akavaa kofia yake ya baiskeli, akaenda zake bila neno.

Pale kazini mtu haondoki bila kusema "asante kwa leo", hata kama mmeshinda mkigombana. Ejgil hakuwahi kuliruka neno hilo, hata wiki ile aliyomzika mkewe, Sigrun. Vibeke akajua cha nne nacho kimekataliwa. Akaanza kukusanya maumbo yake ya plasta na kuyatia kwenye sanduku.

Sanduku halijajaa, Ejgil akarudi akihema, flashi ya muziki mkononi.

"Ingia garini," alisema. "Siku yangu haijaisha."

Ilikuwa rekodi ya zamani ya kwaya ya kanisa, watu ishirini na kinanda. Ejgil alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akainua kidole.

"Huyo hapo. Safu ya nyuma, kushoto. Anavuta pumzi kabla ya wenzake. Mwalimu wa kwaya alimgombeza kila Jumatano, wala hakuacha."

"Sigrun?"

"Miaka sita namtafuta humu, Vibeke. Kwa kila spika ya jengo hili. Nilikuwa naisikia kwaya tu."

 Vibeke aliweka kiganja juu ya jani lake, likawa linatetemeka kidogo, na akashukuru moyoni: kwa karakana ya babake, kwa vile vitatu vilivyokataliwa, na kwa mzee huyu mkaidi aliyevikataa. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Wimbo ulipokwisha, Ejgil alitandaza karatasi gotini akaweka saini.

"Si mbaya," alisema, na watu wa Jutland hawana sifa inayozidi hiyo. Akakunja karatasi, akampa. "Asante kwa leo, Vibeke."

Lakini hakushuka. Kidole chake kilikuwa kimesharudi kwenye kitufe cha kuanzisha wimbo.

"Asante kwa leo, Ejgil," alisema Vibeke. Akashuka yeye, akafunga mlango polepole, akawaachia gari wawili wale.