Maïwenn na Wifi Yake Kwenye Njia ya Majabali

Kwa miaka thelathini na minne Maïwenn Kerdraon alisimama kwenye sakafu yenye maji, akikata dagaa vichwa na kuwapanga makoponi, katika kiwanda kimoja cha Douarnenez, mji wa bandari. Alipostaafu, goti lake la kulia nalo lilikuwa limeshachoka kazi. Daktari alimruhusu kuendesha baiskeli, lakini kutembea mwendo mrefu akamkataza. Maïwenn alicheka. Alizaliwa jirani kabisa na njia ya pwani, ile iliyokanyagwa na askari wa forodha zama za magendo, na hakuwahi kuifuata kupita ufuko wa pili. Bahari aliijua kwa harufu tu.

Aliyemtoa nyumbani ni wifi yake, Annaïg, mjane wa kaka yake Goulven. Goulven alitamani maisha yake yote kwenda kwa miguu hadi mji wa Roscoff, alikozaliwa mkewe, akafa kabla hajanunua hata viatu. Viatu akavinunua Annaïg.

"Mimi nitapita juu ya majabali," Annaïg alimweleza Maïwenn. "Wewe upite barabarani na baiskeli na mizigo. Kila mchana tukutane tule."

"Kwa hiyo nimekuwa punda wako."

"Punda halishwi siagi, wifi. Wewe nitakulisha."

Ukweli ni kwamba hawakuwa wamezoeana. Miaka ishirini walibusiana mashavu misibani na Krismasi tu, kila mmoja akimwona mwenzake anaringa.

Waliondoka mwezi wa Mei. Mara nyingi Maïwenn ndiye aliyetangulia kufika. Alikuwa akitandika kitambaa mchangani na kutoa chapati nyembamba za ngano nyeusi na jibini, kisha akimwona Annaïg akishuka huku miguu imechanwa na miiba na mdomo umejaa habari. Maïwenn naye alikuwa na zake. Kwenye mteremko mmoja alikuwa ameachia pedali na kunyoosha miguu kama msichana, mwanamke wa miaka sitini na moja, na mwenye duka la mkate akampungia mkono.

Siku ya sita, kwenye rasi ya Crozon, ukungu ulishuka. Saa sita ikapita, na saa saba. Simu haikushika mtandao. Kufikia saa nane Maïwenn aliegemeza baiskeli ukutani, akaokota fimbo, akaingia kwenye njia ya majabali.

Goti lilianza kulalamika kabla hajamaliza ngazi za kwanza. Aliendelea, akiita jina kila baada ya hatua kumi, bahari ikinguruma chini asikoweza kuona. Alipokaribia kukata tamaa, alisikia mtu akitukana kwa Kibretoni, lugha ya kwao. Annaïg alikuwa ameteleza nje ya njia, ameketi kwenye vichaka vya miiba, kifundo cha mguu kimevimba. Hatua tano mbele yake hapakuwa na ardhi.

"Umekujaje?" aliuliza.

"Kwa miguu. Si unaniona?"

"Na goti?"

"Nimekuja nalo. Ningeliacha kwa nani?"

Annaïg akaanza kulia. Akasema alipokuwa pale peke yake aliamini hakuna atakayemfuata. "Nilidhani utakaa tu na chakula chako, wifi. Nilijua hunipendi."

"Nilikaa saa mbili," Maïwenn alisema. "Chakula hakikushuka."

Alimfunga kifundo kwa skafu yake, akamwinua, wakarudi wameshikana viuno, hatua kwa hatua. Kwa bahati mkulima mmoja aitwaye Tugdual, aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake kwenye ukungu, aliwakuta na kuwapakia kwenye tela la trekta. Mkewe Enora aliwapa supu na kitanda, na walipotaja malipo aligeuka akaendelea kumenya viazi. Walikaa kwake siku nane.

Goti la Maïwenn lilivimba siku mbili, kisha likatulia, na kwa mshangao wake likawa jepesi kuliko awali. Annaïg hakuweza kukanyaga vizuri, lakini pedali aliziweza. Basi wakabadilishana. Annaïg akachukua baiskeli na mizigo. Maïwenn akachukua njia kwa fimbo mbili, kilomita nne kwa siku, tano akijisikia vyema. Daktari alipoambiwa kwa simu alimgombeza, kisha akamuuliza mandhari ikoje.

Walitegemea safari ichukue wiki tatu. Walifika Roscoff mwishoni mwa Agosti.

Dada mkubwa wa Annaïg aliwapokea mlangoni, akauliza huyu mgeni ni nani.

"Ndiye aliyenifuata," Annaïg akajibu.

Maïwenn alizunguka nyuma ya nyumba kwenye bomba la bustani, akavua viatu, akajimwagia maji miguuni. Alimshukuru Mungu kwa goti, kwa Enora, kwa ule ukungu pia. Kisha akaitwa mezani, akaenda peku.