Kandambili za Mlango wa Jirani

Nina tabia nisiyoweza kuitetea. Kila asubuhi hapa Miburani napiga picha ya kitu kimoja cha kawaida: kinu kilichoinamishwa, kanga juani, viatu milangoni mwa watu. Nazihifadhi kwenye simu ili nikizeeka nikumbuke tulivyoishi.

Mwezi uliopita, mlangoni kwa jirani yangu Bi Zuhura, mjane anayeishi na mama yake, zikaanza kuonekana kandambili za kiume. Jumatatu zipo, Alhamisi zipo. Nilizipiga picha mara sita. Ukanda wa moja ulikuwa umekatika, ukashonwa kwa uzi wa buluu wa nyavu. Nikajifanya mpelelezi: huyu ni mvuvi, mguu mkubwa, kisigino cha kulia anakiburuta. Udadisi ukanishinda, nikaiweka picha kwenye status: "Mwenye hizi ni nani?" Majirani wakanijibu kwa vicheko tu. Nikadhani nao hawajui.

Jioni ile baba yangu akaja kutoka Utende. Tangu mama afariki, hanipiti bila kunisalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akavua viatu kizingitini. Mkono wangu, kwa mazoea, ukainua simu. Ndipo kwenye kioo nikauona uzi wa buluu, na yale mafundo mabaya niliyoyafunga mwenyewe kabla ya Ramadhani, nilipomshonea.

Simu ikabaki hewani. Baba akazisogeza kandambili kwenye mwanga kwa kidole cha mguu.

"Piga tu, mwanangu," akasema. "Miburani nzima wameshaziona."